Siti Hupimwa Kutoka kwenye Pedali

Baiskeli mpya ikitolewa kwenye boksi, fundi hufunga magurudumu, hunyoosha usukani, hujaza upepo, kisha humwita mteja apande. Mteja hukaa, hushusha miguu yote miwili, na siti huteremshwa mpaka nyayo zake zikanyage chini vizuri. Nati zinakazwa, pesa zinalipwa, mtu anaondoka. Kwa baiskeli nyingi za Afrika Mashariki hicho ndicho kipimo cha kwanza na cha mwisho. Siti haiguswi tena mpaka bomba lake linashika kutu ndani ya fremu.

Kipimo hicho kinamfaa mtu aliyesimama, na baiskeli hainunuliwi kwa ajili ya kusimama. Mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa wa kwenda sokoni au kazini, kila goti hujikunja na kujikunjua mara 3,600 kwa saa moja. Siti ikiwa chini kwa sentimita 5 kuliko inavyotakiwa, goti linabeba kosa hilo mara zote 3,600, na linalibeba vivyo hivyo siku inayofuata. Mwenye baiskeli husema chombo chake ni kizito. Hubadilisha cheni, hutia mafuta, hulaumu upepo wa mbele, ilhali uzito wenyewe unatoka kwenye miguu ambayo haijawahi kupewa nafasi ya kunyooka.

Mwili hueleza mapema mahali kosa lilipo, mradi usikilizwe. Maumivu ya mbele ya goti, yanayozunguka kilegesambwa na kuzidi mtu anapopanda mlima, mara nyingi yanatokana na siti iliyo chini mno au iliyosogezwa mbele mno. Maumivu ya nyuma ya goti huashiria kinyume chake: siti iko juu mno, mguu unavutwa kila pedali inapofika chini. Njia nyepesi ya kuithibitisha siti iliyo juu kupita kiasi ni kumfuata mwendeshaji kwa nyuma na kutazama kiuno chake. Nyonga zikipanda na kushuka kushoto na kulia, mtu huyo anazitafuta pedali badala ya kuzikanyaga, na jioni atalalamika mgongo.

Kuna kipimo kisichohitaji hata rula, na mafundi wazuri wanakijua. Mwendeshaji hukaa kwenye siti huku akiegemea ukuta au akishikiliwa na mwenzake, huweka kisigino juu ya pedali, kisha hurudisha pedali nyuma mpaka ifike chini kabisa. Hapo mguu unatakiwa kunyooka, kisigino kikiwa bado kimegusa pedali na kiuno kikiwa kimetulia bila kuinama upande. Goti likibaki limekunjwa, siti ipandishwe. Kisigino kikielea, siti ishushwe. Akirudi kukanyaga inavyostahili, kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, goti litakuwa limekunjwa kidogo tu pedali inapofika chini. Wataalamu wanaopima kwa vyombo hutafuta mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35 katika nafasi hiyo, na kisigino humfikisha mtu karibu na hapo bila gharama yoyote.

Anayetaka namba anazo pia. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya wakibadilisha urefu wa siti na kupima nguvu ya wakanyagaji. Kipimo walichokiona bora ni asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, ukipimwa kutoka kwenye pedali iliyo chini kabisa hadi juu ya siti. Miaka ya 1980 hesabu nyingine ilienea kupitia kocha Mfaransa Cyrille Guimard na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Wao walizidisha urefu huohuo wa mguu kwa 0.883 na kupima kutoka katikati ya ekseli ya kranki, ile inayoshika mikono miwili ya pedali, hadi juu ya siti.

Urefu wa mguu kwa ndani hupatikana nyumbani. Mtu husimama bila viatu, mgongo ukutani, miguu imeachana kiasi cha sentimita 15. Kitabu chenye jalada gumu huwekwa katikati ya mapaja na kuvutwa juu mpaka kikaze kama siti inavyokaza, ukingo wake ukigusa ukuta, kisha alama ya penseli huwekwa na kupimwa hadi sakafuni. Tuseme imetoka sentimita 80. Kwa hesabu ya LeMond, siti itakuwa sentimita 70.6 kutoka ekseli ya kranki. Kwa hesabu ya Hamley na Thomas, itakuwa sentimita 87.2 kutoka kwenye pedali. Ukitoa sentimita 17 za mkono wa pedali ulio wa kawaida, inabaki 70.2. Njia mbili zilizotoka nchi mbili na nyakati mbili zinaachana kwa milimita 4. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa soli ya kiatu, na soli nayo ina neno lake katika jambo hili.

Anayekanyaga kwa ndala nyembamba na anayekanyaga kwa sandali za tairi, zile ziitwazo akala Kenya na katambuga Tanzania, hawana urefu sawa wa mguu juu ya pedali hata kama ni pacha. Soli ya tairi inaongeza sentimita moja au mbili. Kwa hiyo kipimo cha kisigino kifanywe na kiatu ambacho mtu hukivaa siku nyingi, na anayehamia kwenye mabuti ya mpira wakati wa mvua asishangae siti yake ikianza kuonekana fupi.

Springi nazo zinadanganya. Baiskeli nzito za kazi, Phoenix ya China au Hero ya India, na zile ambazo Wakenya walizibatiza Black Mamba, huja na siti pana yenye springi kubwa nyuma. Siti hiyo hushuka mtu anapokaa, na hushuka zaidi kadiri springi zinavyozeeka. Ukiipima ikiwa tupu utapata namba nzuri ya karatasini na goti lililokunjwa barabarani. Ndiyo maana kwa baiskeli za aina hii kisigino ni shahidi bora kuliko rula, kwa sababu mwendeshaji anapimwa akiwa amekaa na uzito wake wote.

Baada ya yote hayo, linabaki jambo linalowazuia watu wengi kupandisha siti: hofu ya kutofika chini. Hofu hii si ya kupuuzwa. Siti ikiwa sawa kwa mguu, mtu mwenye kimo cha kawaida aliyekaa atagusa ardhi kwa ncha za vidole vya mguu mmoja tu, tena baiskeli ikiwa imeinama. Aliyezoea kusimama huku amekalia siti atajiona yuko hatarini kwenye taa za barabarani, akizungukwa na bajaji na pikipiki.

Dawa ni kujifunza upya kusimama na kuondoka. Mwendeshaji anapotaka kusimama hufunga breki, hunyanyuka kwenye siti, huteleza mbele ya siti na kushusha mguu mmoja, mwingine ukibaki juu ya pedali. Anapoondoka huanza akiwa amesimama hivyohivyo, pedali ya mbele ikiwa imeinuliwa, huikanyaga kwa nguvu, na mwendo ukishapatikana ndipo hukaa. Mtu mzima anaweza kulizoea zoezi hili jioni moja kwenye uwanja wa mpira usio na watu. Akishalizoea, ardhi haitakuwa tena na mamlaka juu ya siti yake.

Wanaobeba mizigo wana hoja nzito zaidi, na ni haki wasikilizwe. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, biashara ya boda boda ilianza kwa baiskeli kabla pikipiki hazijaichukua, na hadi leo katika miji mingi ya ukanda wa ziwa baiskeli hubeba abiria, madumu ya maziwa, mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Gunia likiyumba kwenye keria, mwendeshaji anahitaji mguu wa kumwokoa papo hapo. Kwake yeye inafaa kushusha siti sentimita moja au mbili chini ya kipimo kamili. Hapo atapoteza nguvu kidogo na kupata usalama mwingi. Lakini kushusha sentimita 6 au 7, kama inavyoonekana kwenye vijiwe vingi, ni kuyauza magoti kwa bei ya chini. Mtu anayeishi kwa miguu yake anastahili ushauri bora kuliko huo, na fundi wake ndiye wa kwanza kumpa.

Urefu ukishapatikana, siti hutazamwa kwa mbele na nyuma. Njia ya zamani hutumia timazi, na timazi ya kutosha ni uzi uliofungwa nati. Mikono ya pedali huwekwa sambamba na ardhi, uzi hushikwa chini kidogo ya kilegesambwa cha mguu wa mbele, na nati ikianguka kwenye ekseli ya pedali siti huhesabiwa kuwa mahali pake. Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani, aliandika makala ya kuupinga utaratibu huu, akieleza kuwa mstari huo hauna msingi katika jinsi mwili unavyofanya kazi, na kwamba kinachotawala ni jinsi uzito unavyogawanyika kati ya siti, pedali na mikono. Ana haki. Hata hivyo timazi inabaki mahali pazuri pa kuanzia kwa mwenye baiskeli ya michezo au ya milimani. Kwa Phoenix haifai kulazimishwa: bomba la siti la baiskeli hiyo limelala sana kwenda nyuma, mwendeshaji hukaa wima, na goti huangukia nyuma ya pedali kwa maumbile ya fremu yenyewe.

Mikono ndiyo hueleza zaidi. Mtu anayehisi ganzi kwenye vidole, au mabega yanayochoka kabla ya miguu, huenda siti yake iko mbele mno na uzito umehamia kwenye usukani. Anayelazimika kujinyoosha ili kuushika usukani, kila mara akijikuta ameteleza hadi kwenye pua ya siti, huenda siti iko nyuma mno. Kwenye siti za kizamani kuna nafasi ambayo wengi hawaijui: kibano kinachoishika siti kwenye bomba lake kinaweza kufunguliwa na kugeuzwa, kikae mbele ya bomba badala ya nyuma au kinyume chake, na siti nzima ikasogea sentimita kadhaa. Kwa mtu mfupi aliyerithi baiskeli ya mtu mrefu, kugeuza kibano kunaweza kuwa nafuu kubwa kuliko kununua usukani mwingine. Akishaisogeza siti arudie kipimo cha kisigino, maana siti inayorudi nyuma huongeza pia umbali wa pedali, kwa fremu nyingi yapata milimita 3 kwa kila sentimita.

Mwinamo wa siti hupewa umuhimu mdogo kuliko unavyostahili. Pa kuanzia ni usawa. Ubao mwembamba au kitabu kigumu huwekwa juu ya siti kutoka nyuma hadi kwenye pua, pimamaji ya fundi mwashi huwekwa juu yake, na simu yenye programu ya kupima usawa hufanya kazi hiyohiyo. Pua ikiwa juu sana, hukandamiza sehemu laini za mwili zenye neva na mishipa ya damu. Ikiwa chini sana, mtu huteleza mbele na kujizuia kwa mikono safari nzima. Kati ya hapo na pale pana nafasi ya kutafuta. Mwaka 1999 madaktari wa Israeli walichapisha utafiti juu ya waendesha baiskeli wa burudani wenye maumivu ya kiuno, ambao siti zao ziliinamishwa mbele kwa nyuzi 10 hadi 15. Zaidi ya asilimia 70 walipata nafuu. Nyuzi 15 ni nyingi kwa anayekaa wima kwenye baiskeli ya kazi, kwa sababu atateleza. Lakini mwenye baiskeli ya mbio anayeumwa kiuno ana sababu nzuri ya kujaribu, akianza na nyuzi 2 au 3 na kuongeza taratibu.

Ganzi ya sehemu za siri haizungumzwi vijiweni, kwa aibu au kwa hofu, na kimya hicho kinawaumiza watu. Si jambo la kuvumiliwa wala si sehemu ya kawaida ya kuendesha. Taasisi ya taifa ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ililifuatilia suala hili kwa askari polisi wanaofanya doria kwa baiskeli, watu wanaokaa kwenye siti saa nyingi kwa siku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, askari 90 walipewa siti zisizo na pua kwa miezi 6. Waliosema hawapati ganzi walipanda kutoka asilimia 27 hadi asilimia 82. Siti za namna hiyo hazipatikani kirahisi katika maduka yetu, lakini somo lake linatumika kwa siti yoyote: uzito ubebwe na mifupa miwili ya kukalia, usibebwe na nyama laini iliyo katikati. Kushusha pua kidogo, kuhakikisha siti haiko juu mno, na kunyanyuka kwenye siti kwa nusu dakika kila baada ya dakika 10 au 15 huleta tofauti. Ganzi ikiendelea baada ya marekebisho hayo, mtu aende hospitali bila kuona haya.

Mifupa hiyo miwili ndiyo pia inayoamua upana wa siti, na kwa kawaida imeachana zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Mwanamke anayeendesha baiskeli ya mtumba iliyokuja na siti nyembamba ya mbio anakaa juu ya kitu kisichomshika mahali pake, na godoro la sponji linalofungwa juu haliondoi tatizo. Linalificha kwa kilomita chache, kisha sponji inabonyea na kukandamiza palepale. Kipimo kinapatikana kwa kipande cha boksi la televisheni, lile lenye mikunjo ndani yake. Huwekwa juu ya kigoda kigumu, mtu hukaa akiinama mbele kidogo kama yuko kwenye baiskeli, na akinyanyuka huona mabonde mawili. Kutoka katikati ya bonde moja hadi la pili, kwa watu wazima wengi, ni kati ya sentimita 10 na 14. Sehemu pana ya siti iwe kubwa kuliko hapo kwa sentimita 2 au zaidi kidogo, na anayekaa wima anahitaji upana zaidi kuliko anayeinama.

Mabadiliko yafanywe kidogo kidogo, moja kwa wakati wake, nusu sentimita kisha safari mbili tatu kabla ya kugusa tena. Aliyezoea siti ya chini kwa miaka asipandishe sentimita 5 asubuhi moja, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja italalamika hata kama kipimo ni sahihi. Mabingwa wenyewe wanalijua hili. Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyeumia vibaya nyonga na mgongo katika ajali ya uwanjani mjini Blois mwaka 1969, aliishi tangu hapo akibadilisha urefu wa siti yake, wakati mwingine akiwa katikati ya mashindano, akitafuta mkao ambao hakuupata tena kikamilifu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4, baada ya misimu ya taabu alieleza kuwa vipimo vya baiskeli yake vilitofautiana kwa sentimita, si milimita, na vile alivyovitumia miaka ya ushindi. Kama tofauti hiyo inaweza kumpita mtu mwenye mafundi na vyombo vya kila aina, mwalimu anayekwenda shule kwa baiskeli asijione mzembe akigundua kuwa yake haijawahi kupimwa.

Kazi yenyewe inahitaji vifaa vichache. Baiskeli za kizamani hufunguliwa kwa spana namba 13 au 14, za kisasa kwa alenki ya milimita 5 au 6. Bomba lililoshika kutu lisipigwe nyundo. Litiwe mafuta ya kulainisha au mafuta ya taa, liachwe usiku kucha, kisha lizungushwe taratibu kwa kutumia siti kama mkono. Likitoka, lisafishwe kwa msasa na kupakwa grisi nyembamba kabla ya kurudishwa.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa. Mabomba mengi yana mistari au maandishi yanayoonyesha mwisho wa kuvutwa juu, na alama hiyo lazima ibaki imefichwa ndani ya fremu. Bomba lisilo na alama liachiwe angalau sentimita 7 ndani, na zaidi kwa anayebeba mzigo mzito. Likivutwa kupita hapo linaweza kukatika au kuipasua fremu, na anayeanguka huangukia kwenye chuma. Mtu mrefu ambaye bomba lake halitoshi anunue refu zaidi lenye kipenyo kilekile. Mafundi wanaouza vipuri vya mtumba huwa nayo, na kulipeleka la zamani kama mfano huondoa kubahatisha.

Kipimo kikipatikana, kiwekewe alama: mzingo mmoja wa utepe wa umeme au mstari wa rangi ya kucha pale bomba linapoingia kwenye fremu. Baiskeli inayotumiwa na baba asubuhi na kijana wake jioni inaweza kuwa na alama mbili za rangi tofauti, na kubadilisha kutoka moja hadi nyingine ni suala la dakika moja ikiwa spana inakaa kwenye mfuko wa siti. Watoto wanaoendelea kukua wapimwe upya kwa kisigino kila muhula shule zinapofungwa.